Kivuli cha Kiti cha Sita

1

Sista Wendelina Mligo alishaacha kuuliza majina ya wageni. Si kiburi. Waliomjua tangu yuko kwaya ya vijana pale Njombe watakwambia kiburi hakuwa nacho hata chembe. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai: mwanzoni unaikumbuka, baadaye husikii kitu.

Na katika wodi ile ya kusafishia damu kila mtu alikuwa ameacha. Mgonjwa mpya aliitwa mgeni. Mgeni wa kiti cha nne, mgeni wa kiti cha sita, basi. Chai yake aliinywa kwenye kikombe cha karatasi, nusu kikombe tu, maana maji kwa mtu asiye na figo ni adui, kisha kikombe kikatupwa. Aliyevuka msimu wa kwanza, yaani ile miezi mitatu ya mwanzo, ndiye aliyeitwa mwenyeji. Mwenyeji alikuwa na kikombe chake cha bati kwenye rafu, jina limeandikwa kwa rangi ya kucha, na siku ya kukabidhiwa wenzake walimpigia vigelegele mpaka mlinzi anakuja kuuliza kuna harusi gani.

Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Ilianza kabla ya viti vipya, siku zile wageni walipokuwa wakifa mfululizo na vikombe vyenye majina vikabaki rafuni havina wenyewe. Mtu mmoja akasema jamani, tusiwe tunaandika mapema. Wakakubaliana bila kikao.

Sasa asubuhi hiyo ilikuwa ya mwezi wa saba, baridi ya Njombe imeingia mpaka kwenye mifupa. Wende alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha nne. Mgeni wa kiti hicho, mama mnene wa Kyela aliyeuza mchele sokoni, hakuwa amenyamaza tangu aingie mlangoni.

"Sista, punguza. Miguu inakaza."

"Tumeanza sasa hivi tu, mama."

"Punguza hivyo hivyo. Mimi ikinikaza napiga mayowe, na hawa wenyeji wako wanajifanya wamelala, hawapendi kelele."

Mwenyeji mmoja akacheka chini ya blanketi. Wende akapunguza kasi ya kuvuta maji. Kila mama huyu alipokuja ilikuwa hivyo hivyo, punguza Sista, na Wende alipunguza ili apate utulivu, si kwa sababu nyingine.

"Na yule mwenzangu mmemhamishia wapi?" mama akauliza.

"Nani?"

"Yule wa kiti cha sita. Mwembamba, fundi cherehani wa Lupembe. Si tulianza naye siku moja! Maskini ya Mungu, alikuwa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Ndiyo nikampisha kiti changu hiki, kiko karibu na hita, mimi nikaenda kukaa kule kwake dirishani. Mafuta ninayo ya kutosha, baridi itanifanya nini?"

Mkono wa Wende ukabaki pale pale kwenye kitufe.

"Siku ya kwanza?"

"Siku ile ile ya kwanza. Ukapita mwenyewe ukabonyeza hapo, ukaniambia karibu mgeni, ukaenda. Tuliporudi mara ya pili kila mtu akakaa kwake." Mama akamtazama usoni. "Kwani tulikosea?"

"Hapana, mama," Wende akasema. "Hamkukosea kitu."

2

Hapa inabidi nikieleze kiti, maana bila kiti huwezi kuelewa alichokisikia Wende.

Kinachoua mtu anayeanza kusafishwa damu mara nyingi si figo. Figo zimeshakufa kabla hajafika. Ni ule mwanzo wenyewe. Anakuja amechelewa, amevimba, moyo umechoka kusukuma. Anawekewa mpira shingoni, na mpira unaleta vijidudu. Maji ya wiki nzima yanavutwa kwa saa chache, presha inaanguka, moyo unababaika. Akivuka miezi hiyo mitatu mwili unazoea, anaweza kuishi miaka. Tatizo ni kuivuka.

Viti vipya vililetwa kwa ajili hiyo. Siku ya kwanza mgonjwa akikaa, kiti kinaonja damu yake, kinasikiliza moyo wake, halafu kinamtengenezea kivuli: mwili wake mwingine, hauna nyama wala mfupa, unaoishi ndani ya mashine. Kivuli hicho kinatangulia. Mgonjwa akiwa bado yuko kwenye zamu yake ya pili, kivuli chake kimeshasafishwa miezi mitatu. Kikifika salama, kwenye kioo cha mashine kinatokea cha kijani. Kikifa njiani, kinakuwa chekundu, na kiti kinaeleza kimekufa wiki gani na kwa nini.

Mwenye kivuli chekundu anaitwa pembeni, anaambiwa kwa upole, anapewa dawa za nyumbani na nesi wa kumtembelea. Kiti chake anapewa mwingine, maana viti ni vichache na foleni haiishi. Anaweza kugoma, sheria inamruhusu. Lakini nani atagoma akishaonyeshwa kifo chake?

Macho kiti hakina. Waliokiunda waliona ni aibu kumpiga picha mtu mgonjwa. Kwa hiyo kila anapokaa mtu, kiti kinamuuliza nesi kwa sauti ya binti wa pwani, taratibu kabisa: thibitisha, aliyeketi ni fulani bin fulani? Nesi anamtazama mgonjwa, anabonyeza Ndiyo.

Ndivyo ilivyotakiwa. Wende alikuwa na miaka hajamtazama mtu. Sauti ya binti wa pwani ilikuwa imekuwa kwake kama mlio wa friji.

Alikwenda chumba cha vioo akafungua vivuli viwili. Kile chekundu kilikuwa na jina la mgonjwa wa kiti cha sita. Wiki ya nne, kiti kilieleza, maji yamevutwa kwa kasi ya kawaida, presha imeanguka, moyo umesimama. Lakini damu iliyoonjwa pale siku ile haikuwa ya fundi wa Lupembe. Ilikuwa ya mama wa mchele.

Na fundi wa Lupembe, ambaye Wende mwenyewe alimshika mkono akamwambia pole, ambaye aliitikia ahsante Sista akaenda zake nyumbani kufa, kivuli chake cha kweli kilikuwa hai. Kilikuwa cha kijani, kina jina la mwenzake.

Wende akasubiri ashtuke. Akakaa. Akajipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, hamna kitu. Akaenda tu akanywa maji, akaosha bilauri, akairudisha mahali pake.

3

Daktari Mtega, mkuu wa wodi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na bango kubwa la rangi: VIFO VYA MSIMU WA KWANZA VIMEPUNGUA KWA NUSU. Lilikuwa bango la kweli. Wale waliorudishwa nyumbani hawakufia wodini, na asiyefia wodini hahesabiwi na wodi. Wende alilijua hilo, daktari alilijua, na hawakuwahi kuliongelea hata siku moja.

"Kuna kitufe cha Sahihisha," daktari akasema. "Ukikibonyeza vivuli vinabadilishana majina. Ujumbe unaingia kwenye simu zao wote wawili papo hapo. Aliye hapa anatoka, aliye nyumbani anachukua kiti. Mfumo wenyewe unafanya, mimi na wewe hatuna la kuzuia."

"Aliye hapa bado anaishi, daktari. Wiki yake imepita."

"Nimesikia. Umekuwa ukimpunguzia kasi."

"Kwa sababu analalamika."

"Na kivuli hakilalamiki." Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Lakini msimu haujaisha. Mfumo utasema ni mwekundu, na mwekundu hakai."

"Na nikiacha?"

"Ukiacha, yule wa nyumbani ameshakubali. Ameshaagana na watu. Unataka umtese na matumaini, na labda ameshakwenda? Na huyu wa hapa unataka umwambie nini, mama, samahani, ulishakufa?" Akavaa miwani. "Ukiacha, Wende, hakuna aliyefanya kitu."

"Nani kati yao unamjua jina?"

Daktari akanyoosha mkono kuelekea kioo.

"Usisome," Wende akasema. "Hata mimi siwajui."

Akatoka. Kwenye korido akasimama. Kama angebonyeza, angemwondoa kwenye kiti mtu anayepumua kwa sababu mashine ilisema amekufa. Kama angeacha, mwingine angekufa Lupembe kifo ambacho si chake. Alijaribu kuwaza ipi ni mbaya zaidi, akaona anawaza kama anayechagua nyanya. Hilo ndilo lililomtisha. Si vifo, bali namna alivyokuwa mtulivu.

Akarudi wodini. Kabla ya kukaa kando ya kiti cha nne alisoma jina kwenye kioo, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama Tupokigwe," akasema.

Wenyeji wawili wakafunua mablanketi. Mgeni kuitwa jina! Hata mama mwenyewe alinyamaza, na hilo lilikuwa jambo geni zaidi.

"Ee, leo kuna nini?"

"Nina neno. Si zuri."

"Sema tu, Sista. Mchele umeniungulia mara ngapi, na bado nakula."

Wende akamweleza yote. Hakupaka asali. Alieleza kiti, kivuli, kubadilishana, kitufe cha Ndiyo alichokibonyeza bila kutazama. Alipofika kwenye kivuli chekundu sauti yake haikutetemeka, na aliichukia kwa kutotetemeka.

Tupokigwe akatazama mpira wenye damu yake, unaotoka na kurudi.

"Kwa hiyo aliyekufa ni mimi."

"Kivuli chako."

"Nilikufa lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Jumanne!" Akafikiri. "Jumanne si ndiyo siku niliyokula maandazi yako mawili, ukanigombeza?"

"Ndiyo hiyo."

"Aisee." Akatikisa kichwa. "Kumbe nilikufa nimeshiba."

Hapo akacheka, na katikati ya kicheko akalia, akalia kweli kweli, mabega yote yanatikisika mpaka kiti kikapiga kengele kwamba mgonjwa anajitikisa. Wende alimshika mkono. Alitaka kulia naye, hakuweza. Akamshika tu.

Tupokigwe alipotulia akajifuta na kona ya khanga. "Na yule dada? Yuko hai?"

"Sijui."

"Hujui? Hujampigia?"

"Nikimrudisha kwa njia yao, wewe unatoka kwenye kiti hiki."

"Na kwa njia yetu?"

"Njia gani?"

"Sista, mimi nimekaa sokoni maisha yangu yote. Watu wawili meza moja, huyu siku zake, yule siku zake, afisa akija anakuta jina moja. Kumbe kivuli kilicho hai ni cha kwake, lakini kina jina langu. Basi akalie jina langu. Tugawane."

Wende akapiga hesabu. Kiti kilimruhusu mgonjwa mara tatu kwa wiki, na nesi aliweza kumfungulia ya nne akiona amejaa maji. Nne ukigawa, kila mmoja mara mbili. Mara mbili ni kidogo. Zamani watu walisafishwa mara mbili, wengine waliishi, wengine hawakuishi.

"Mnaweza kufa wote wawili," akasema.

"Mimi nilishakufa Jumanne," Tupokigwe akasema. "Mpigie."

4

Simu iliita muda mrefu. Wende alikuwa ameliandika jina kiganjani kwa kalamu, maana hakuiamini akili yake.

"Haloo." Sauti ilikuwa nyembamba, inavuta pumzi katikati ya maneno.

"Kamwene, Yusta. Ni Sista Wende wa wodini."

"Sista. Hukuwahi kuniita jina."

Ikamuuma. Hatimaye kitu kikamuuma, kidogo, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu ukianza kurudiwa na damu.

"Yusta, kile nilichokwambia hakikuwa chako. Nilikosea mimi. Kilikuwa cha mtu mwingine. Nataka urudi."

Alitegemea kilio, au matusi, na matusi angeyapokea. Kilichosikika ni kuku kwa mbali, na mtu anapasua kuni.

"Cherehani nimeshampa mdogo wangu," Yusta akasema mwishowe. "Nguo nimeshagawa, zote. Nimebakiza gauni moja, wanajua ni la nini."

"Vaa hilo hilo uje."

"Watoto nimeshawaaga, Sista. Yule mdogo ilimchukua muda kuelewa. Sasa ameelewa, analala vizuri. Nimwambieje tena?"

Wende alifungua mdomo, kikatoka kitu alichokuwa hajakisema kwa miaka. "Nisamehe."

"Kiti kipo?"

"Nusu kiti kipo."

Akamweleza. Yusta alisikiliza, pumzi inakoroma. Kisha akauliza, "Huyo wa nusu nyingine ni yule mama wa hita?"

"Ndiye."

"Sikuwahi kumshukuru," Yusta akasema. "Ngoja nimpe simu mtoto wangu umwelekeze basi la asubuhi."

5

Alikuja amevaa lile gauni, jeupe, limembana miguuni kwa kuvimba. Tupokigwe hakuwa na zamu siku hiyo lakini alikuwepo, amekaa kwenye benchi la wageni na mfuko wa plastiki mapajani. Ndani kulikuwa na vikombe viwili vya bati vya sokoni, vimeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha, herufi zimepinda. TUPOKI. YUSTA.

"Mnaandika mapema," mwenyeji mmoja akanung'unika.

"Niache, baba," Tupokigwe akasema. "Mimi ndiyo nimechelewa."

Akainuka akavipanga mwenyewe kwenye rafu, katikati ya vya wenyeji, akarudi kukaa. Hakuna aliyevishusha.

Wende alimlaza Yusta kwenye kiti cha nne, karibu na hita. Akaunganisha mpira wa shingoni, akaangalia chujio, akapunguza kasi kabla hajaombwa. Daktari Mtega alipita mlangoni na makaratasi yake, akamwona mwanamke mwembamba mahali pa mwanamke mnene, akasimama kidogo, akaendelea na safari yake. Hakuwa amefanya kitu.

"Sista," Yusta akamwita kwa sauti ya chini. "Mmoja wetu akifa, utaandika amekufa nani?"

"Sijui, Yusta."

"Kama ni mimi, watoto wangu watapewa karatasi yenye jina la mtu mwingine."

"Najua."

"Na kama ni yeye, na mimi nitakuwa nimekufa. Kiti kitafungwa."

"Najua, mdogo wangu. Nimeliwaza hilo jana kutwa, na bado sijui."

Yusta akafumba macho. Alikuwa akitetemeka, lakini kidogo, hita ilikuwa inamfikia. Wende akamvutia blanketi mpaka kidevuni.

Kiti kikaamka. Sauti ya binti wa pwani, taratibu kabisa, ikauliza: "Thibitisha. Aliyeketi ni Tupokigwe Mwaisaka?"

Safari hii Wende aliisikia kila neno. Akauinamia ule uso, akautazama kwa mara ya kwanza. Kovu dogo juu ya nyusi. Midomo iliyopauka. Uzi mweupe wa cherehani umebaki kwenye kola ya gauni la kuzikiwa, hakuna aliyeutoa. Akautoa. Machozi yakamwagika, hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na kazi.

"Thibitisha," kiti kikarudia.

Akabonyeza Ndiyo.